Ngoma Mbili Katika Kiwanja Kimoja

Katika maandishi mengi juu ya utamaduni wa taifa letu husikika sauti ya mtungaji, ya mchezaji, ya kiongozi na ya mtaalamu. Sauti ya mtazamaji haisikiki. Yeye ni mtu wa kulipa kiingilio, kukaa alipoelekezwa, kucheka au kulia, na kwenda zake. Maoni yake hutafutwa kwa kuhesabu senti alizotoa, kana kwamba mtu akishanunua kitu amekwisha kukisifu. Sisi tunaoandika kurasa hizi ni watazamaji wa namna hiyo. Hatukusomea ufundi wa filamu, wala hatuna ndugu aliye mwigizaji. Kwetu ni Lingeka, upande wa Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Na filamu tulizozitazama ni zile zilizotufikia katika mikanda ya video, na baadaye katika diski, baada ya kupita mikono mingi. Walakini twaamini kwamba tunayo haki ya kuzihukumu, na haki hiyo hatukuipata kwenye video.

Msukuma hufundishwa kuhukumu michezo tangu utoto wake. Baada ya mavuno, wakati pamba imekwisha kuuzwa na watu wana nafasi, huchezwa ngoma za mashindano ziitwazo mbina. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, ambayo asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, huingia kiwanjani siku moja na saa moja. Hapana jopo la waamuzi wenye kalamu. Watazamaji ndio waamuzi: ngoma inayovuta watu wengi zaidi upande wake ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo manju, ambaye kwetu huitwa ningi, hana budi kutafuta kila njia ya kuwashika watu. Wako wachezao na nyoka wazima, wako warushao majembe hewani kwa mdundo wa bugobogobo, na wako wanaovumbua vituko vipya kila mwaka, maana kituko cha mwaka jana hakimvuti mtu. Mtazamaji akichoka hasemi neno. Hutumia miguu yake. Tumeona vikundi vyenye majina makubwa vikiachwa na vumbi lao kwa sababu tu wimbo ulikuwa ule ule.

Jicho la namna hiyo ndilo tulilokwenda nalo kwenye video.

Filamu zenyewe si jambo geni sana katika nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, ilitengenezwa Tanganyika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na aliyeigiza nafasi kuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Ilikuwa kichekesho juu ya mtu wa shamba anayeingia mjini na kudanganywa na wajanja. Twaomba msomaji aikumbuke habari hiyo, kwa sababu tutairudia. Baada ya Uhuru, mwaka 1968, iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na mwaka 1976 ikatoka Fimbo ya Mnyonge, filamu ya mtu anayekimbilia mjini na hatimaye kupata tumaini katika kijiji cha ujamaa. Wazee wetu waliziona picha za aina hii kwa gari la sinema. Shuka jeupe lilifungwa kati ya miti miwili, na waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma ya shuka wakaziona picha zikiwa zimegeuka, wapigaji wote wakitumia mkono wa kushoto. Gari lilikuja mara moja kwa muda mrefu, nalo lilikuja kufundisha: kuchimba vyoo, kupalilia, kujenga taifa. Hatulidharau. Lakini hakuna aliyepata kutuuliza tungependa kuona nini.

Video ndiyo iliyouliza, ingawa iliuliza kwa ajili ya faida. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Katika pengo hilo la miaka ishirini na zaidi, deki na mikanda iliingia kupitia kwa wafanyabiashara na wasafiri. Kwetu ilifuata fedha za pamba, kama ngoma zinavyozifuata. Mtu alikuja na runinga moja, deki moja na jenereta, akazungushia maturubai au magunia, akaweka mabenchi, na hapo pakawa kibanda cha video, ambacho vijana wa siku za baadaye walikiita kibandaumiza. Jina lilikuwa sahihi kabisa. Joto la ndani, moshi wa jenereta na goti la jirani mgongoni mwako vilikuwa sehemu ya kiingilio.

Hapo ndipo tulipojifunza msamiati mpya wa fasihi bila kupewa kitabu. Shujaa aliitwa stelingi, na mpinzani wake aliitwa adui. Na kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba stelingi hafi. Tulipomwona Arnold Schwarzenegger katika Commando ya mwaka 1985 akiwamaliza askari wa kisiwa kizima peke yake, bunduki yake isipate kuishiwa risasi hadi itakapofaa, hatukulalamika kwamba jambo hilo haliwezekani. Nani aliyewahi kulalamika kwamba sungura hawezi kusema na fisi? Tulichotaka kujua ni kama stelingi alikuwa na sababu ya kupigana. Alikuwa nayo: bintiye ameibwa. Mzee yeyote wa kwetu aliielewa sababu hiyo bila kujua neno moja la Kiingereza. Picha za ngumi za Kichina zilipendwa kwa njia hiyo hiyo, kwa maana karibu zote zilikuwa na mwalimu aliyeuawa na mwanafunzi anayelipiza kisasi, nasi twajua maana ya kumheshimu mwalimu. Zile ambazo watu walipigana tu, pasipo ndugu wala deni, zilichosha kabla mkanda haujafika nusu.

Hapa yafaa tuwataje wale ambao historia ya sanaa haijawapa nafasi yao, yaani watafsiri wa filamu. Aliyejulikana zaidi nchini ni yule wa Dar es Salaam aliyeitwa Lufufu. Sauti yake ilirekodiwa juu ya filamu za nje, na nakala hizo zikaenea mpaka vijijini. Mtafsiri wa aina hii hakufasiri neno kwa neno. Alieleza, alitania, alimpa mhusika jina la Kiswahili, aliufananisha mtaa wa Marekani na mtaa wa Kariakoo, na pale wazungu walipokaa kimya kwa kitambo alijaza kimya hicho kwa maelezo yake mwenyewe. Wako wasomi wanaosema kwamba huko ni kuharibu kazi ya mwenyewe. Sisi twaona kwamba alifanya kazi ya mtambaji wa hadithi, ambaye hapati kuisimulia hadithi kama alivyoipokea. Kosa lake tunalolijua ni moja tu: aliposema uongo, hapakuwa na mtu wa kumrekebisha.

Tutoe mfano wa filamu ambayo ilipendwa mno na ambayo imetusumbua. Mwaka 1980 Jamie Uys wa Afrika Kusini alitoa The Gods Must Be Crazy. Chupa ya soda inaanguka kutoka katika ndege, inaokotwa na Wasani wa Kalahari, inaleta ugomvi katika jamaa iliyokuwa haina ugomvi, na mzee mmoja anaamua kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Mzee huyo aliigizwa na N!xau, mtu wa Namibia. Twakiri kwamba tulicheka hadi machozi, na wazee walifurahi kwamba chupa hatimaye ilitupwa, kwa kuwa wanajua ukoo unavyoweza kuvunjika kwa ajili ya kitu kidogo. Lakini tazama vizuri. Filamu ilitengenezwa na Mzungu wa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, na ndani yake mtu wa porini ni mwema kwa sababu hajui kitu. Hana historia, hana deni, hana mtu aliyemnyang'anya ardhi. Kinyume chake, Wasani wa kweli walikuwa wamekwisha kunyang'anywa nchi kubwa. Yule mtu wa shamba aliyeingia mjini katika Muhogo Mchungu alichekwa kwa sababu hajui; huyu wa Kalahari anasifiwa kwa sababu hajui. Kwetu sisi tunaoishi shamba, sifa ya pili si bora kuliko kicheko cha kwanza.

Baadaye zikaja filamu za nyumbani. Mwaka 1995 ilitoka Shamba Kubwa, iliyopigwa kwa video pasipo msaada wa Serikali. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, na baada ya hapo mlango ukafunguka. Kwa miaka kama kumi hivi, filamu zilitoka Dar es Salaam kwa wingi ambao hakuna mtazamaji aliyeweza kuumaliza. Na katikati ya wote alisimama kijana wa kwetu, Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, wakati Bariadi nayo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga.

Twaweza kueleza kwa nini alipendwa. Kwanza, alikuwa na uso usioona haya kulia. Katika filamu za nje stelingi hafi na halii. Kanumba alilia sana, na akina mama wa kwetu, ambao kibandaumiza kiliwafukuza kwa matusi na moshi wake, walianza kutazama filamu majumbani kwa ajili ya kilio hicho. Pili, aliwapa watoto nafasi kubwa katika filamu zake za mwaka 2010, This Is It na Uncle JJ, na watoto wale waliigiza vizuri kuliko watu wazima wengi. Tatu, hakuogopa kupeleka jina la Tanzania nje: alishirikiana na Wanaijeria tangu Dar to Lagos hadi Devil Kingdom, ambamo aliigiza pamoja na Ramsey Nouah. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, mwaka ule ule ambao Simiyu ilifanywa mkoa, watu wa kwetu walilia kama wanaomlilia mtoto wa jirani. Wengi wao hawakuwahi kufika Dar es Salaam.

Pamoja na mapenzi hayo, tunayo manung'uniko. Msomaji ameona majina ya filamu tulizozitaja. Karibu yote ni ya Kiingereza, na filamu zenyewe ni za Kiswahili. Bibi wa kijijini hawezi kuiomba kwa jina lake filamu anayoipenda. Hivyo watu wa kwetu walizibatiza upya: ile ya watoto watundu, ile ya wachawi wa fedha, ile aliyolia mpaka mwisho. Tuliambiwa kwamba majina ya Kiingereza yanaipa filamu soko nje ya nchi. Labda. Lakini Lufufu alichukua filamu za Kiingereza akazitia Kiswahili, na watu wetu wakachukua filamu za Kiswahili wakazitia Kiingereza juu ya kasha. Hapo hatujui nani alikuwa akimfuata nani.

Hali kadhalika, mambo ya ufundi. Muziki hupigwa kwa nguvu mpaka ukameza maneno. Mtu akitoka nyumbani kwenda kazini tunaonyeshwa anavyofungua gari, anavyolitoa, mlinzi anavyofungua geti, gari linavyokata kona, na hata linavyoegeshwa, na hayo yote hayana habari yoyote ndani yake isipokuwa kwamba gari lipo. Halafu hadithi inakatwa katikati ili inunuliwe mara mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Katika mbina, ningi anayekatiza wimbo na kudai malipo mengine kabla ya kuumaliza angebaki na ngoma yake mikononi.

Lakini nung'uniko letu kubwa limo katika geti lile. Tazama ni nani anayelifungua. Katika filamu na michezo mingi ya kuchekesha ya mjini, mlinzi, mtumishi wa ndani, mchunga ng'ombe aliyeingia jijini na mizigo yake, huyo ndiye Msukuma. Jina lake ni Masanja au Mabula. Anachanganya l na r, anashangaa ghorofa, anaitika kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, na watu wanacheka. Tangu Muhogo Mchungu hadi leo ni zaidi ya miaka 70, na mtu wa shamba bado anaingia mjini ili adanganywe. Sisi hatukatai kutaniwa. Wasukuma wana watani wengi, na utani una sheria zake: mtani hukutania mbele yako, nawe unayo zamu ya kujibu. Kwenye runinga hatuna zamu. Mwalimu anayesoma kurasa hizi bila shaka anamjua mwanafunzi aliyekuwa akisoma kwa sauti darasani kwa furaha, kisha siku moja wenzake wakaiga lafudhi yake kama walivyoisikia katika kichekesho cha diski, na tangu hapo akisimamishwa kusoma husema kifua kinamuuma. Tumemwona mtoto wa namna hiyo kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Kilichokuwa na kasoro ni masikio ya waliomsikiliza.

Kwa haki twataja kinyume chake. Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, naye aliigiza watu wa chini, wachovu na walafi. Lakini mtu wa King Majuto alikuwa na ulimi. Alidanganya, alidanganywa, alijibu, na hata aliposhindwa alishindwa kwa Kiswahili ambacho tajiri wake hakuwa nacho. Filamu zake hazikuwa na magari mengi. Nyingine zilikwenda kwa ua mmoja, kuku wawili na ugomvi wa mke na mume, nazo zilitazamwa Lingeka na babu pamoja na wajukuu pasipo mtu kuona haya kumtazama mwenzake.

Na kama kuna anayedhani kwamba twadai nyuso za kwetu tu, na akumbuke mchezo wa Kichina juu ya Doudou na mama wakwe zake, uliotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na Televisheni ya Taifa mwaka 2011. Ulijulikana kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliutaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Watu wale hawakufanana nasi kwa sura, kwa nyumba wala kwa chakula. Lakini mkwe anayekagua jikoni mwa mke wa mwanawe! Wanawake wa kwetu walibishana juu ya Doudou kisimani kwa juma zima, wengine wakimtetea mkwe.

Twafika sasa katika kisa cha mwezi Aprili 2017. Waigizaji wa filamu za nyumbani waliandamana Kariakoo wakidai kwamba filamu za nje zinazouzwa kiholela zizuiwe, kwa maana zinaua soko lao. Nchi nzima ilibishana, na watazamaji wengi waliwajibu waigizaji kwa dhihaka: tengenezeni filamu nzuri, tutanunua. Jawabu hilo lilitufurahisha kwa kitambo, maana ni sheria ya mbina. Huwezi kwenda kwa mtemi kuomba ngoma ya wenzako inyamazishwe, ongeza kituko. Tena Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza wizara mpya ya utamaduni, aliwasikitikia waliojua rumba wasiijue gombesugu, lakini hakukataza watu kujifunza kwa mataifa mengine.

Hata hivyo, tukifikiri zaidi, twaona kwamba waigizaji walikuwa na neno. Katika mbina vikundi vyote viwili huja na watu wao na jasho lao. Diski ile ya Kariakoo ilibeba filamu kumi au ishirini za nje, zote zimeigwa bila ruhusa, na muuzaji hakumlipa mwenyewe hata senti moja. Filamu ya nyumbani, kwa upande wake, ilipaswa kukaguliwa kwa Sheria ya Filamu ya mwaka 1976, kulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na tangu mwaka 2013 kubandikwa stempu ya kodi. Hapo ngoma moja inapigwa kwa mikono ya wachezaji, na nyingine imeibwa kwa watu walio mbali wasioweza kuja kuidai. Aidha wengi wa watengenezaji waliuza haki zao kwa msambazaji mara moja tu, kwa fedha za mkupuo, hivyo hata filamu iliyopendwa mpaka Lingeka haikuwaongezea kitu. Mtazamaji hakujulishwa hayo. Alisimama mbele ya meza ya muuzaji na kuona diski mbili, moja ya filamu ishirini na moja ya nusu ya filamu.

Siku hizi diski zenyewe zimekwisha. Tunaziona zikining'inia katika mashamba ya mtama, zikimetameta ili kuwatisha ndege. Filamu huja katika simu, na kijana wa gulioni huzimimina kwenye kadi ndogo kuliko ukucha. Jambo moja jema limeletwa na badiliko hili: kamera imefika mikononi mwa watu wa kwetu, na ngoma za Kisukuma sasa zapigwa picha na kuenea, ningi akitazamwa na watu wasiopata kufika kiwanjani kwake. Filamu ya hadithi bado.

Hivi karibuni vijana wa kwetu walikuwa wakijadili hadithi ya Masala Kulangwa, mvulana aliyeliua zimwi Shing'weng'we, lililokuwa limewameza watu wote na ng'ombe wao, akalipasua tumbo wakatoka wazima. Walisema hiyo ndiyo filamu. Stelingi yupo, adui yupo, na sababu ya kupigana ipo. Bibi mmoja mzee aliyekuwa akichambua choroko aliwasikiliza, kisha akauliza kama watakiweka kisa cha yule kikongwe aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya wakati tumbo la zimwi lilipopasuliwa, akatoka na hasira badala ya shukrani. Kijana mmoja akasema, "Mayu, hicho kitaondolewa, stelingi hawezi kumkata bibi sikio." Bibi akakataa katakata. Alisema bila kikongwe yule hadithi si ya Kisukuma tena, ni Commando. Mabishano yakaendelea mpaka jua likazama, na mwisho bibi akasema yuko tayari kuigiza nafasi hiyo yeye mwenyewe, mradi aelezwe kwanza sikio lake litakatwaje.